Hodi ya Mama Kwamboka

Tarehe 30 Juni, Mama Jennifer Kwamboka anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika makumbusho yetu hapa Doha. Jua la nje linatisha kama kawaida, na safari hii hata ndani hakuna raha.

Alianza kama msafishaji, kisha akakabidhiwa ukumbi wa michoro inayosimulia nyimbo za kale za Denmaki. Kila asubuhi, kabla ya kuingia, alipiga hodi. Ukumbi mtupu, jamani! Sisi walinzi tulimwitikia karibu kwenye redio zetu, na msimamizi wetu Nick kwa muda mrefu alidhani ni lugha ya usalama.

Mchoro alioupenda ni wa mama aliyesimama mlangoni akimngoja mwanawe kutoka vitani. Nick aliwaeleza wageni kwamba wimbo wenyewe hautaji bendera wala msitu wa kijani vinavyoonekana nyuma ya mama huyo. Mchoraji aliviongeza karne nyingi baadaye, Wadenmaki waliposhindwa vita, wakapoteza ardhi, wakataka nchi ya kujivunia. Kwamboka alicheka, akasema basi mchoraji huyo ni mwenzetu wa Mesaimeer, kule kwenye makanisa yetu. Hakukosea. Kila Ijumaa baada ya ibada tunachora kwa mdomo nyumbani tulikotoka, naye alitushinda wote: Kisii yake haina matope, ndizi haziishi, na mamake huitikia karibu kabla hujamaliza hodi. Tulimtania, kama ni hivyo, joto la Doha alilifuata la nini?

Basi Tony, fundi wetu wa kutundika picha, akamchorea zawadi ya kumuaga: boma lao kama alivyotusimulia, mama akiwa mlangoni. Kwamboka aliipokea, akalia. Ndipo akatuambia kwamba mamake alizikwa mwaka ule wa korona, ndege zikiwa zimesimama, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani. Hakumwambia mtu. Alimweka mlangoni kila Ijumaa kwa sababu bila yeye hajui anarudi kwa nani. Lo, tulitamani ardhi itumeze! Tony alitaka kumfuta mama yule pichani. Kwamboka akakataa katakata.

Mama Kwamboka, asante kwa asubuhi zote hizo. Tunakuombea afya na uzee wenye watu. Ukifika Kisii utakuta mlango umefungwa na ufunguo uko kwa jirani. Piga hodi hivyo hivyo. Sisi tumezoea kuitikia.

Oloo, kwa niaba ya walinzi