Kanda ya Mama Tapkigen: Maisha ya Mzee Elkanah Kiprop (1946–2025)

Mzee Elkanah Kiprop alizaliwa tarehe 21 Aprili 1946 huko Kapsabet, mtoto pekee wa Mama Tapkigen, mjane aliyeuza maziwa hadi mwanawe akamaliza sekondari mwaka 1966.

Septemba 1968 alifika Minneapolis, Marekani, kusomea uhandisi wa umeme. Chuo kikuu kilikuwa na studio ya muziki wa kielektroniki, nayo ilihitaji mtu wa kutengeneza mitambo iliyoharibika kila wiki. Elkanah aliingia na bisibisi, akatoka mtunzi. Muziki wenyewe ulikuwa milio, mivumo na sauti za watu zilizonaswa kwenye kanda, kanda ikakatwa kwa wembe na kuunganishwa upya. Wakenya wenzake wa mtaa wa Cedar-Riverside walimtania kwamba amevuka bahari kuja kurekodi friji.

Mapema mwaka 1970 Mama Tapkigen alimtumia salamu kwenye kanda, zilizorekodiwa na mchungaji. Desturi ya studio ilikuwa kunakili kwanza, kisha kukata nakala. Kwa haraka ya tamasha la Mei, Elkanah alikata kanda yenyewe vipande arobaini na vitatu na kuviunga kuwa muziki, na nakala aliyokwisha kuitoa akarekodi kitu kingine juu yake. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Mama yake alikuwa bado hajajibiwa. Julai ikaja barua: mama amefariki na ameshazikwa. Elkanah aliufumua muziki ule, akaviweka vipande kwenye kopo la biskuti, na hakutunga tena. Kila alipojaribu kuvipanga, machozi yalimshinda.

Kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza vifaa vya kusaidia kusikia katika hospitali moja ya Saint Paul. Mgonjwa akisikia tena sauti ya mkewe, Mzee alitoka nje kidogo kupangusa miwani.

Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa Margaret Nkirote, muuguzi kutoka Meru, wakafanya makao Columbia Heights. Kopo lilikaa juu ya kabati, na Mama Nkirote hakuruhusu mtu kuligusa, hata siku ya kupangusa vumbi.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono ikaanza kutetemeka. Oktoba 2024 alimwita binti yake.

“Jerono, lete kopo. Wewe utaunganisha, mimi nitasikiliza.”

“But Dad, mimi sijui Kinandi. Nitajuaje which one comes first?”

“Mimi najua. Wewe shika tu.”

Kazi ilichukua majuma sita. Kwenye kipande cha mwisho mama alisema, “Ukishasikia haya, mwanangu, nijibu.” Mzee akaomba maikrofoni.

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, Mama Nkirote akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Margaret Nkirote, binti, Jerono, mkwe, Habimana, na mjukuu, Kirezi, ambaye haachi kuuliza babu yuko wapi. Tumeumia sana.

Kabla ya jeneza kushushwa, kanda itachezwa, mama kwanza, kisha mwana. Jibu lake ni fupi, nalo ni kwa Kinandi: “Mama, nimesikia. Nisamehe, nimechelewa. Niko njiani.”

Apumzike kwa amani, na mama yake asingoje tena.