Moyo wa Pamfil Oltean

Ndugu, majirani na nyote mliopanda kilima kuja kumsindikiza mume wangu, Pamfil Oltean alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa Ocna Veche, mtoto wa tatu wa mzee Gavril na mama Rafila, akasoma shule ya kijiji hadi darasa la nane, na mwaka 1968 akaanza kazi kwenye tanuru la chokaa, ambako vumbi na sigara vilimla kifua mapema.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1973, Mungu akatujalia Lucretia na Doru.

Madaktari walipomwambia mapafu yamechakaa, alifanya kama tufanyavyo hapa, akawa anashuka kwenye mgodi wa chumvi kuvuta ile hewa ya chumvi tunayoamini hutibu kifua, akicheza karata na wakohozi wenzake, na kweli kule chini alipumua vizuri, basi hata miguu ilipovimba na kifua kikambana, aliniambia, "Saveta, ni vumbi la zamani hilo, chumvi italimaliza," nami nikamjibu, "Chumvi ingetibu ukaidi, ungeshapona!"

Mei 2015 alianguka mgodini, karata mkononi, na hospitalini daktari Ileana Mocanu akatuonyesha moyo wake kwenye kioo cha mashine, ukifumba na kufumbua kama ngumi ya mtoto mchanga, akasema, "Mzee, mapafu yakiugua hivi, moyo nao uko hatarini, huu umetanuka kwa kusukuma damu kwenye mapafu magumu, na mshipa wake mmoja umeanza kuziba," kumbe miaka yote tulisikiliza kikohozi, moyo hakuna aliyeusikiliza.

Pamfil akauliza taratibu, "Moyo umefanya kazi yote hii bila kuniambia?"

"Ulikuambia, mzee," daktari akasema, "wewe ulikuwa unacheza karata."

Siku ile aliacha sigara, akameza dawa bila kubembelezwa, na moyo ule uliochoka ukampa karibu miaka tisa mingine, akawapakata wajukuu wote wanne, hadi tarehe 3 Machi 2024, uliposimama akiwa nyumbani, kitini pake, mkono wake mkononi mwangu.

Tunamshukuru daktari Mocanu, majirani mliompandishia mitungi ya oksijeni, na wenzake wa tanuruni.

Na nyie wacheza karata, nawaona mmejibanza kule nyuma, chumvi haiusikii moyo, daktari yuko hapa, msalimieni kabla hamjaifuata ile ngano tamu ya kuchemsha tunayokula matangani.

Pamfil, moyo wako umepumzika sasa, nawe pumzika nao, mzee wangu.