Damari Hakuwa Kichaa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Damari Mughwai wa Mtinko, Singida. Amezikwa mwaka huu, 1996. Tangazo la kifo chake lilisema alikuwa mgonjwa wa akili. Damari hakuwa kichaa.

Serikali iliporuhusu biashara huria, mumewe, Laurian, alinunua mashine ya kukamua alizeti. Damari ndiye aliyeiendesha. "Shemeji, mbegu zako zimekonda kama wewe!" aliwatania wateja, nao walirudi. Kisha Laurian akaanza kumpiga. Utani ukaisha. Damari akawa hapati usingizi, anashtuka, anaongea peke yake. Laurian akampeleka kliniki ya wagonjwa wa akili.

Huko kulikuwa na desturi. Mgonjwa wa akili haulizwi. Anaulizwa aliyemleta. Na aliyemleta Damari ndiye aliyekuwa akimpiga.

"Anaanguka ovyo," Laurian alieleza kuhusu majeraha yake. Damari akapewa vidonge vya usingizi.

Siku moja muuguzi mgeni, Theodora, alisema, "Baba, kaa nje kidogo."

"Kichaa atakueleza nini?"

"Hilo niachie mimi."

Mlango ukafungwa. "Sista, leo naulizwa mimi?" Damari alisema, akamwonyesha mbavu.

Theodora alimwita kaka yake Damari, Chediel. "Dada yako anapigwa. Hatapona kwenye nyumba ile. Kaa naye, umlete tuwe tunazungumza." Chediel akamchukua. Lakini Laurian alikuja na wazee. "Mnamsikiliza kichaa?" Chediel akamrudisha.

Baada ya mavuno, Damari alikufa kwa kipigo. Laurian yuko mahabusu.

Chediel alituambia hivi: "Aliniuliza, 'Kaka, na wewe unamuuliza aliyenileta?' Nikamrudisha hivyo hivyo. Lile tangazo nililiandika mimi. Kuandika kwamba alipigwa niliona aibu. Kuandika kichaa, sikuona aibu."

Aibu hiyo si ya Chediel peke yake. Jirani mmoja alisema walizoea kusikia kilio. Walifanyaje? Waliongeza sauti ya redio. Redio hii, wasikilizaji. Huenda ni kipindi hiki.

Tunampa pole mama yake, Evodia, na watoto wa Damari. Mungu awatie nguvu. Nanyi wauguzi, mtoeni nje aliyemleta, mumsikilize mgonjwa mwenyewe.

Na wewe uliye nyumbani, ukisikia kilio kwa jirani, zima redio. Hata kama ni sisi tunaozungumza. Nenda ukapige hodi.