Pengo la Edmund Mbawala Kwenye Mstari wa Mganda

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu wa Mpitimbi, majirani, na ninyi wageni mliosafiri kutoka Dar es Salaam na Tunduru, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine poleni kwa msiba na kwa safari. Mimi ni Leticia Mbawala, dada wa marehemu, na familia imenichagua nisome historia hii kwa sababu, kama walivyosema kikaoni, mimi ndiye mwenye moyo mgumu, neno ambalo bado sijajua kama walinisifu au walinisema.

Marehemu Edmund Mathias Mbawala alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Mpitimbi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Mathias Mbawala na Mama Walburga Komba, ambaye mnamwona ameketi pale mbele, akabatizwa tarehe 30 Machi mwaka huohuo, siku ya Pasaka. Mama anasema alilia kwa sauti nene kuliko watoto wote waliobatizwa siku ile, nasi tumelipokea hilo kwa kuwa hayupo wa kumbishia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, kisha sekondari ya kutwa mjini Songea kuanzia 2001 hadi 2004, na baada ya hapo, kuanzia Januari 2006 hadi Desemba 2007, alijifunza useremala Hanga, ambako pia alishika gitaa la besi kwa mara ya kwanza katika kwaya ya vijana, na tangu siku hiyo useremala ukawa wa kumlisha na gitaa likawa la kumnyima usingizi.

Lakini muziki hakuuanzia Hanga. Wageni wetu wa pwani naomba niwaeleze, mganda ni ngoma ya wanaume wetu, inachezwa mavuno yakishaingia ndani, wanasimama mstari mmoja wakiwa nadhifu, na kila mmoja anapuliza kibuyu chenye utando wa buibui kwenye tundu lake, vidogo kwa sauti nyembamba na vikubwa kwa sauti nene. Baba yetu alikuwa na kibuyu kikubwa, na alipofariki tarehe 11 Agosti 2005 kibuyu hicho kilimwangukia Edmund, akasimama kwenye nafasi ya baba, mkono wa kulia wa Mzee Polikarp Gama, kiongozi wa mstari hadi leo. Utaratibu wa mstari wetu ni kwamba mwenye kibuyu akisafiri, kibuyu chake kinatundikwa darini wala hakipulizwi na mwingine, na nafasi yake inaachwa wazi, wenzake hawasogei kuiziba mpaka arudi au azikwe.

Tarehe 8 Septemba 2009, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, hana mke, hana ndugu huko aendako, marehemu alipanda basi Songea kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha ya muziki, akiwa na gitaa alilolifunga kwa blanketi la mama na kuku wa kuchoma ambaye, kama nimjuavyo, hakufika Njombe. Alipata kazi kwenye karakana ya samani Keko, akapanga chumba Mwananyamala pamoja na rafiki yake Bashiru wa Tunduru, mpiga ngoma, aliyepo hapa pamoja nasi, na kuanzia mwaka 2010 wote wawili walipiga katika bendi moja ya dansi, mchana mbao, jioni besi. Bashiru anasema mji ule ulimpokea vizuri, watu walicheza, walimjua kwa sura, walimwita Songea kana kwamba hakupewa jina kanisani, ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza nyumbani kwao kukoje.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye historia yenyewe. Katika ukoo wetu kuna mwiko, ulioanza enzi za babu zetu walipokwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kwamba aliye safarini haambiwi kuwa anakumbukwa, maana babu mmoja alitumiwa salamu za kilio, akatoroka kabla ya mkataba kwisha, akafia njiani, na tangu hapo wanawake wa nyumba hii wanameza maneno yao. Mama alimeza. Kila Edmund alipopiga simu, mama alimwambia mahindi yamekubali, mvua si haba, sisi wazima, hatuna shida, wewe shika kazi, halafu anakata simu na kwenda kukaa nyuma ya jiko peke yake. Mimi mila nyingi naziheshimu, hii nimeichoka, nasema mbele ya wazee na wanisamehe.

Kila mwezi wa saba, siku ya mganda, marehemu aliomba asikilize ngoma kwa simu, nami niliweka kitochi changu, simu yangu ndogo, juu ya kigoda, na Mzee Polikarp akaagiza kigoda hicho kiwekwe palepale kwenye pengo lake, simu ikasimama mstarini kwa niaba ya mtu. Ili wimbo usichechemee, Mzee Polikarp alipuliza sehemu yake mwenyewe na sehemu ya Edmund, kwa pumzi za watu wawili, na mnaomfahamu mnajua kifua chake. Sasa Edmund kule Mwananyamala, ameketi kitandani na gitaa mapajani akifuatisha, alisikia sauti nene imejaa haina upungufu, na siku alipomuuliza mama ngoma inakwendaje bila yeye, mama, kwa kuogopa mwiko, alimjibu kwamba inakwenda vizuri, asiwe na wasiwasi. Bashiru ametusimulia juzi kwamba siku hiyo, Julai 2016, marehemu aliweka gitaa chini akamwambia kuwa utaratibu wamemvunjia, nafasi yake imeshapata mtu, na kurudi kwao sasa kutakuwa ni kwenda kumsumbua mwenzake.

Alikuja likizo za Krismasi mwaka 2012 na 2014, lakini Krismasi ni masika, vibuyu vyote vimetundikwa, hakuna mstari wa kuuona, na baada ya simu ile ya 2016 hakuja tena likizo. Sisi tulidhani mji umemkolea, yeye akadhani nyumbani pamejaa, na hakuna aliyefungua kinywa.

Kuhusu ndoa, najua shangazi zangu wanalingoja eneo hili kwa hamu, marehemu hakufunga ndoa, wala hakuacha mtoto. Si kwamba hakutaka. Alimwambia Bashiru kwamba mwanamke hapelekwi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hujui kama bado u mwenyeji, na mimi niliposikia hilo ule moyo mgumu mliousifia haukunisaidia.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba 2024, akatibiwa Dar es Salaam, na hali ilipozidi Bashiru alimleta nyumbani kwa basi tarehe 4 Mei 2025, akaendelea na matibabu mjini Songea. Begi lake hakulifungua, alisema akipata nafuu anarudi kazini, hivyo kwa hesabu ya mama alikuwa bado msafiri, na mama akaendelea kumeza, anampikia, anamfunika, anamtazama akilala, neno hasemi.

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 2025, baada ya Misa, wanaume walifanya mazoezi ya mganda uwanjani, tukamtoa Edmund kwa kiti akae kivulini aangalie. Aliuangalia mstari, akaona kushoto watu, kulia watu, na mkono wa kulia wa Mzee Polikarp hakuna mtu, ardhi tupu, upana wa mwanaume mmoja. Aliniuliza ni ya nani. Nilimjibu ni yake, tangu 2009, na kwamba hata simu aliyosikilizia ngoma ilikuwa ikikaa pale. Akaomba abebwe na kiti chake, akawekwa kwenye pengo, mama akaleta kibuyu kutoka darini, kina utando mpya kwa sababu alikuwa akiubadilisha kila mwaka bila kumwambia mtu, Edmund akakipeleka mdomoni, pumzi haikutosha, akakilaza mapajani na kukishika hivyo mpaka ngoma ikaisha, huku akilia wazi.

Tangu siku hiyo hakutaja tena kurudi Dar es Salaam, na begi alilifungua. Mama alibaki kungoja atamke mwenyewe kwa kinywa chake kwamba amerudi, ili mwiko uishe, na nadhani Edmund naye alikuwa anangoja asimame kwa miguu yake aseme akiwa kama mtu, lakini Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mdogo wangu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na Songea, mafundi wenzake wa Keko, wanabendi waliochangishana hadi jeneza likapambwa hivi, majirani walioacha mahindi shambani yakiwa hayajavunwa ili wakae nasi, Baba Paroko, na ndugu yetu Bashiru, ambaye alikaa na mtoto wetu miaka yote tuliyokuwa kimya. Mzee Polikarp ameniambia kwamba baada ya mazishi haya mstari utasogea na pengo litazibwa, ndivyo utaratibu ulivyo, na familia imekubali.

Limebaki neno moja, si langu, nimeagizwa na mama, kwa sababu yeye anasema sauti haitamtoka. Edmund, mama anasema sasa umefika, hauko safarini tena, kwa hiyo anaruhusiwa kukwambia: tulikukumbuka, baba, kila siku tulikukumbuka.

Pumzika kwa amani, ukiwa nyumbani.