Mama Bado, Aliyekataa Kuchungulia

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Bado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu kati ya sita. Alianza shule mwaka 1973, na maswali yake yaliwatoa walimu jasho. Mwaka 1995 alihitimu shahada ya uzamivu ya fizikia.

Tangu hapo alikuwa na kazi moja tu: kutafuta maada ya giza, kitu kinachozishikilia nyota zisitawanyike ilhali chenyewe hakionekani. Nadharia aliyoifuata ilisema kila chembe tunayoijua ina pacha wake mzito aliyejificha, na huenda mmoja wa pacha hao ndiye huyo anayetafutwa. Basi yeye na wenzake wakawa wanagonganisha chembe ndani ya mashine kubwa iliyozikwa ardhini. Mama yake alimuuliza, "Kama hakionekani, utajuaje mmekipata?"

"Vinavyoruka huku na kule lazima vilingane, mama. Upande mmoja ukipungua, kuna aliyetoroka."

"Kazi hiyo hata mimi naiweza. Nimelea sita."

Kila alipopiga simu, mama aliuliza kama kimeonekana. Kila mara alijibiwa "Bado, mama," na jina likamganda. Tuseme ukweli, hakukipata.

Tarehe 8 Agosti 1998 aliolewa na fundi wa viyoyozi, ambaye alikuja kutengeneza kiyoyozi cha chumba chao cha kompyuta, naye akamfukuza mara mbili kwa kutaka kuzima umeme. Walijaliwa mabinti wawili.

Februari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, wakati hesabu kubwa ya kundi lake ikikaribia kwisha. Kwao ni mwiko kutazama jibu kabla wote hawajakubaliana namna ya kuhesabu, maana mtu akishaliona, mkono humvuta anakotaka yeye. Wenzake walimfuata hospitalini, wakajitolea kumfungulia jibu yeye peke yake. Akakataa.

"Miaka yote hii, mke wangu," mumewe alimsihi. "Chungulia tu."

"Mkinionea huruma mimi, mtaharibu kazi ya watu wote."

Mumewe alitoka nje kwa hasira, akalia. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Hakujua jibu, na hilo linatuuma.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, ndugu watano na mjukuu mmoja. Juzi wenzake walikuja nyumbani kutoa pole, wakasema wako tayari kulifungua jibu leo, kabla hajazikwa, kwa heshima yake.

"Msiguse," mumewe akawaambia. "Malizeni kwanza."

Apumzike sasa, yake ameyafanya.