Simu ya Jumatatu

Apewe sifa Bwana aliyenisimamisha tena mbele yenu, ndugu zangu! Mimi ni Mama Mbuyi, wa mtaa wa Naviundu. Ninafanya kazi katika mutuelle, mfuko wa kusaidiana, ya mabaharia wa meli za mizigo za ziwa Tanganyika. Tunalipa matibabu yao, na baharia akiugua tunampa posho mpaka apone.

Watu hunicheka: mabaharia Lubumbashi, maji yako wapi? Lakini ofisi iko hapa, na wagonjwa wengi wanaletwa hapa kutibiwa. Kila Jumatatu ninawapigia simu. Kanuni ni kali: mgonjwa ajibu mwenyewe, si mke wake, aseme ameamkaje. Tena abaki nyumbani. Tukimkuta barabarani, posho inakatwa. Waliniita Mama Kontrole, yaani mkaguzi, na haikuwa kwa mapenzi.

Ndugu zangu, mume wangu alikufa bila kuniachia mtoto, na ndugu zake wakarudi Kasai. Kutwa nzima nauliza afya za watu, nikifika kwangu hakuna wa kuniuliza hata kama nimekula. Upweke ulinikausha. Nilikuwa nasali nikisema, Bwana, siku nikifa, nani atajua?

Jumapili moja malaria ikanipanda kichwani. Nilianguka kati ya kitanda na mlango, simu sikuifikia. Majirani waliona kimya, wakadhani nimesafiri. Nililala pale chini hadi kesho yake, nawasikia watu wakipita njiani, sauti hainitoki. Niliogopa sana. Nikasema moyoni, Yesu, usiniache nife hivi.

Basi Jumatatu ile wagonjwa wangu hawakupigiwa simu. Mmoja wao, Papa Ilunga, fundi wa injini aliyevunjika mguu, alingoja, kisha akanipigia mwenyewe. Kimya. Ofisini walimwambia labda niko likizo. Hakukubali. Alimuuliza mlinzi wa ofisi mtaa ninaokaa, akapanda taxi na magongo yake, akabisha nyumba hadi nyumba, na mlango wangu akauvunja. Yeye aliyekatazwa kutoka nje, alitoka kumtafuta kontrole wake! Posho yake haikukatwa, msiniulize.

Nilipopata fahamu hospitalini, nilimwambia angeweza kupoteza kila kitu kwa ajili yangu. Akanijibu polepole:

"Mama, kule ku lac, ziwani, mwenzetu akikosa kuitika ku radio, tunageuza bateau kumtafuta. Hatuangalie mafuta."

Mwenzetu. Nililia mpaka muuguzi akadhani homa imerudi. Sikujua kama na mimi nina wenzangu.

Namshukuru Mungu aliyenisikia nilipokosa sauti, akamtuma mtu wa magongo mawili. Na najua humu ndani kuna ndugu ambaye simu yake hailii kamwe. Mtumaini Yesu, hajakusahau. Tena ibada ikiisha usikimbie. Nitakuwa pale mlangoni, nitakuuliza umeamkaje, na nitangoja unijibu mwenyewe.