Baridi ya Kununua Hapa Tukuyu

Nilikuwa nimepaka mikono mafuta na kumenya nusu ya ndizi za jioni Fred alipofika na bodaboda yake, akazima injini na kusema mume wangu amefunga AC kwenye pickup. Nilimenya ndizi mbili zaidi kabla ya kumwuliza kama amekunywa. Hapa Msasani ya Tukuyu benchi liko mbele ya mlango wangu. Mimi nauza kahawa, wao wanaleta maneno. Siku hiyo walikuwa watatu. Fred tunamwita Dakika Moja, maana hiyo ndiyo ahadi anayompa kila abiria. Mzee Jotham ni Injinia; aliendesha lori la majani ya chai hadi akastaafu, na hajawahi kufungua injini yoyote. Wa tatu ni Mwalimu Samson wa Jiografia, aliyehamishiwa huku kutoka Singida miaka saba iliyopita na bado hajavua koti. Ilikuwa Desemba, shule zimefunga, mvua inanyesha tangu saa tisa. Baba Lusungu alikuwa ameteremka Kyela asubuhi na Nelson, mtoto wetu mdogo, kumchukua Lusungu na sanduku lake bwenini. Simu yake ilikuwa haipatikani. Habari ya AC hakuniambia.

— Nani kakwambia? nilimwuliza Fred.

— Fundi mwenyewe, mama. Kamaliza jana jioni. Leo ndiyo safari ya kwanza.

Mwalimu alifunga kifungo cha juu cha koti.

— AC? Hapa Tukuyu? Mtu ananunua baridi Tukuyu?

— Bora angenunua ndizi, alisema Fred.

— Kijiografia haiingii akilini. Anashusha dirisha tu, anaipata bure.

— Kyela kuna joto, Mwalimu, alisema Injinia.

— Kyela anakaa saa ngapi? Anapakia, anarudi.

Injinia alinisogezea kikombe nikamjazia, akashukuru.

— Ndaga, mama. Sasa nisikilizeni mimi niliyeendesha magari. AC inakula nguvu ya injini. Na gari lile ni la zamani, la tangu mimi bado nina meno yote. Akifika kwenye mlima, injini itabidi ichague: ama impandishe, ama impepee.

— Itachagua nini? niliuliza.

— Hiyo inategemea injini.

Nilijaribu simu tena. Haipatikani. Mvua ikaongezeka juu ya bati, wakaongeza sauti.

— Halafu ile kitu inajazwa gesi, alisema Fred. Nimeona kwa macho yangu, fundi anaingiza gesi kwenye bomba.

— Gesi ya kupikia?

— Gesi si gesi tu, Mwalimu?

Wote watatu waligeuka kutazama ndani kwangu. Mtungi ulikuwa mahali pake. Niliugonga kwa kisu ili wasikie.

— Basi kuna mzigo, alisema Mwalimu. Mtu haweki baridi mahali pasipo na kitu cha kuoza. Atakuwa anapandisha samaki.

— Samaki mbele? Kwenye kiti?

— Nyuma hakuna AC, Fred. Watakaa mbele.

Injinia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikitikia wenzake.

— Samaki hawana faida hiyo. Huyu anataka kusafirisha misiba.

— Misiba?

— Maiti. Watu wetu wanafia mbali, wanazikwa nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya baridi.

— Na marehemu atakaa wapi, Injinia? Pale mbele ni viti vitatu.

— Katikati. Wafiwa wawili pembeni, wamshikilie kwenye kona.

— Na dereva?

Injinia alikunywa kahawa.

— Mfiwa mmoja awe na leseni.



— Au, alisema Fred, kule Kyela kuna mtu asiyevumilia joto. Anazungushwa zungushwa jioni, apoe.



— Niko hapa, Fred.

— Nimesema mtu tu, mama. Sijasema mwanamke.

Niliendelea kumenya. Saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia, na kwa kawaida Baba Lusungu hurudi saa kumi.

Ndipo akaja Generosa, muuguzi aliyehamia wiki tatu zilizopita na kupanga chumba nyuma ya kwangu. Alikung'uta mwavuli, akaamkia wakubwa, akapokea kikombe cha mwisho na kuwasikiliza wakirudia yote, samaki na maiti pamoja.

— Samahanini, alisema, mimi mgeni. Kabla ya hiyo AC, kwenye mvua kama hii, watu watatu mbele wamelowa na madirisha yamefungwa, kioo kimejaa mvuke, alikuwa anaonaje njia?

Fred alinyanyua kidole.

— Dakika moja.

Tukasubiri. Mwalimu alitazama barabara. Injinia alinisogezea kikombe, nikainamisha birika, hakikutoka kitu.

Mimi nilikuwa nimeshika kisu tu. Tangu Machi vitambaa vyangu vitatu vya jikoni vimeishia kwenye gari lile. Lusungu aliwahi kuniambia kwamba kazi yake mle ndani ni kufuta, nikadhani anafuta viti. Na Septemba, walipokuwa wanatoka Kyela kwa likizo fupi, kioo cha pembeni kilivunjika. Baba Lusungu alisema ni ng'ombe. Nikamkubali huyo ng'ombe.

Niliinjika ndizi. Hakuna aliyeondoka, walisema ni kwa sababu ya mvua.

Ndizi zilikuwa zimeiva taa za gari zilipotokea kwenye kona. Nilitoka bila mwavuli. Siku zote za mvua gari lile hufika limefumba macho, hujui nani yumo hadi mlango ufunguke. Safari hii kioo kilikuwa kama gilasi iliyooshwa. Taa ya duka la jirani iliwamulika, nikawahesabu kabla hawajashuka. Mmoja, wawili, watatu.

— Yule ng'ombe, nilimwambia Baba Lusungu akiwa na mguu mmoja chini.

— Ng'ombe gani?

— Wa Septemba.

Alilitazama benchi, akatazama boneti.

— Ulikuwa ukingo wa daraja.

— Lusungu akiwa anafuta.

— Alikuwa anafuta. Hii AC inakausha kioo. Nilitaka kwanza nione kama inafanya kazi, ndiyo nikwambie.

— Ungesema Septemba.

— Ungekataa wasipande tena.

— Ningekataa.



— Hata mimi nilitaka kusema inakausha, alisema Injinia.

— Injinia, wewe ulisema maiti.

Lusungu alishuka anatetemeka, sweta juu ya sweta.

— Mama, mle ndani baridi kama nje.

Alinipa kitambaa changu cha maua. Kilikuwa kimekunjwa, kikavu. Nilikitumia kuepulia sufuria, nikapakua ndizi na maharage. Lusungu, Nelson, baba yao, mimi. Wote wapo. Kisha nikahesabu na wa benchi, kwa ajili ya sahani.